Boga, majani makavu na usingizi wa mtoto

Mhadhara kwa kina mama wazungumzao Kiswahili, Grand Rapids, Michigan, mwezi wa Oktoba

Shikamooni mama zangu. Wenzangu, hamjambo. Wenye watoto mapajani msijisumbue kusimama, na mtoto akilia asitolewe nje. Nje kuna baridi, na mimi sauti ninayo.

Nimeombwa nizungumzie nyumba yenye mtoto mchanga katika msimu huu, mapishi yake na vikazi vya mikono. Nianze na neno vuli. Kwetu Tanga vuli ni mvua: zile fupi za mwisho wa mwaka, kunde zinapandwa na mchicha unaota hata pasipotakiwa. Hapa Waswahili neno hilohilo wameupa msimu wa majani kupukutika. Mwaka wangu wa kwanza niliutazama mti wa mbele ya nyumba ukigeuka manjano nikamwambia mume wangu, mti unaumwa, waite wenye nyumba. Kumbe siku zikifupika mti huacha kutengeneza ile rangi ya kijani, na manjano iliyokuwa imefichwa chini yake muda wote ndiyo inajitokeza. Haukuwa unaumwa. Aliyekuwa anaumwa ni mimi, nilikuwa na mtoto wa wiki 5 na sikuwa na mtu.

Mnajua ninachosema. Kwetu mzazi ana arobaini yake. Kuna shangazi wa kukukanda maji ya moto, kuna jirani analeta uji wa pilipili manga, na wale wa Kilimanjaro wana mtori wao. Wewe kazi yako kunyonyesha na kulala. Hapa siku ya tatu umerudi kutoka hospitali, baba yuko zamu kiwandani, na sinki imejaa vyombo. Kisha unafungua simu unaona nyumba za watu zimepambwa maboga na mishumaa, mtoto kavalishwa kofia ya kufumwa, halii. Mimi nilitaka vyote viwili, arobaini ya Tanga na nyumba ya kwenye simu. Nikakosa vyote.

Kilichoniokoa ni swali moja ambalo mpaka leo najiuliza kabla sijashika kisu: mtoto akiamka sasa hivi, kazi hii inaachika?

Kumenya viazi kunaachika, unavitia majini. Unga uliokandwa unaachika, unaufunika unaingia kwenye friji. Boga lililo ndani ya oveni unazima moto, linakungoja. Mafuta ya maandazi hayaachiki. Pasi haiachiki. Usingizi wa mchana wa mtoto mdogo mara nyingi ni dakika 40, na siku nyingine 20, yeye ndiye anayejua. Basi kazi isiyoachika nasubiri baba awepo, na inayoachika naikata vipande vipande, kipande kwa usingizi mmoja. Mama yangu aliponisikia kwenye simu alicheka, akasema sisi tulikuwa tunawafunga mgongoni tunaendelea. Ni kweli, na mimi kwa kanga nambeba mpaka leo, nafagia naye, nakunja nguo naye. Ila kukaanga na mtoto mgongoni, hapana. Anageuka, unageuka, na mafuta yanaruka.

Sasa boga. Ndugu zetu wa Kenya wanaita malenge, tusigombane. Lile kubwa la rangi ya chungwa mnaloliona kwenye baraza za watu limezalishwa kwa kuchongwa mapambo ya Halloween. Lina maji na nyuzinyuzi, ukilipika utasikitika. Tafuteni lile dogo la mviringo linalouzwa kwa jina la sugar pumpkin, au lile lenye shingo kama kibuyu, butternut. Ukionja butternut utasema hili si la kwetu hili? Na hukosei, ni jamii moja na maboga mengi tunayolima nyumbani. Hata boga la kopo, ambalo kwa sehemu kubwa linatoka jimbo la Illinois, ni la jamii hiyo. La kopo si dhambi, ila soma maandishi: liwe boga tupu. Kuna kopo jingine linafanana nalo kabisa, lile lililokwisha tiwa sukari na viungo kwa ajili ya pai, hilo si la mtoto.

Namna yangu ni hii. Mtoto akilala usingizi wa asubuhi, naliosha boga, nalichoma kwa kisu matundu matatu manne ili mvuke utoke, naliweka zima kwenye trei, oveni nyuzi 400 za hapa, yaani kama 200 za kwetu. Simenyi. Kumenya boga bichi na mkono mmoja ndiko kulikonipa hili kovu. Baada ya saa moja hivi kisu kinaingia kama kwenye siagi, nazima, linapoa lenyewe. Usingizi wa pili nalipasua, natoa mbegu, nachota nyama. Mbegu zioshe, zikaushe, zikaange kavu na chumvi kidogo, hizo ni zetu watu wazima. Nyama naiponda.

Hapo ndipo penye siri ya sufuria moja: fungu la mtoto linatoka kwanza, kabla ya chumvi na kabla ya sukari. Kama ametimiza miezi 6 na anakaa vizuri, hicho ndicho chakula chake, unakilegeza kwa maziwa yako mwenyewe. Kinachobaki nagandisha kwenye vile vitrei vya barafu, kidonge kimoja mlo mmoja. La wakubwa linarudi jikoni na kopo moja la tui, sukari vijiko vitatu, iliki iliyotwangwa, chumvi ya kubana kwa vidole. Boga la nazi lile lile la mwezi wa Ramadhani, unalila Michigan na majani yanaanguka dirishani.

Nilipokuwa mgeni, kila duka nililoingia mwezi huu lilinukia kitu ninachokijua nisikumbuke jina. Mishumaa, kahawa, sabuni, vyote vina harufu moja. Nikaja kusoma nyuma ya kikopo cha viungo vyao vya pai ya boga: mdalasini, tangawizi, kungumanga, karafuu. Nikacheka peke yangu dukani. Hilo ni kabati la bibi yangu! Na ajabu zaidi, boga lenyewe asili yake ni huku kwao, watu wa Mexico walililima maelfu ya miaka kabla halijavuka bahari kufika kwetu, na karafuu nayo Unguja ililetwa tu, asili yake ni visiwa vya Maluku. Kwa hiyo mtu asikuambie hiki ni chakula cha wenyeji na kile cha wageni. Usinunue kikopo hicho, ni ghali. Viungo vyake vyote vimo kwenye kabati lako la pilau.

Matufaha nayasemea kwa ufupi. Mnakaa karibu na miinuko ya Fruit Ridge, kaskazini-magharibi ya mji huu, ambako hutoka matufaha mengi ya jimbo hili, msinunue yaliyosafiri. Yale yenye michubuko huuzwa kwa bei ya chini, yachemshe na maji kidogo na kijiti cha mdalasini mpaka yavunjike. Mtoto anakula, mzee anakula. Lakini kipande kibichi cha tufaha usimpe mtoto mdogo hata kama meno mawili yameota, ni kigumu na kinakaba.

Na asali. Hapa nasimama kidogo kwa sababu najua desturi zetu, mtoto analambishwa asali ana siku chache. Kabla ya kutimiza mwaka, hapana. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mkubwa linazishinda ila la mchanga haliwezi, na sumu yake inalegeza misuli hata ya kupumulia. Kuipika nyumbani hakuziui. Sikukuu inayokuja, ile ya Shukrani waiitayo Thanksgiving, asali inapakwa kila mahali, kwenye nyama, kwenye karoti, kwenye mikate. Bibi akitaka kumwonjesha, mpe boga amwonjeshe.

Sikukuu yenyewe ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Aliyeipigania zaidi ni mama mmoja, Sarah Josepha Hale, mjane aliyeachwa na watoto 5 mwaka 1822, akaishi kwa kalamu yake, akahariri gazeti la wanawake na kuandika barua miaka na miaka mpaka Rais Lincoln alipoitangaza mwaka 1863. Alhamisi ya nne iliwekwa kwa sheria mwaka 1941. Napenda kumfikiria mama huyo anaandika barua zake huku watoto 5 wanamvuta gauni.

Mimi sikukuu yangu ya kwanza nilinunua bata mzinga wa paundi 16, akiwa ameganda. Nikamtoa friza Jumatano jioni, nikamweka kwenye friji, nikalala na furaha. Alhamisi asubuhi jiwe. Hakuna aliyeniambia kwamba kwenye friji anahitaji siku moja kwa kila paundi 4 au 5, yaani huyo wangu siku 4. Tukamtia kwenye maji baridi, tukibadilisha maji kila nusu saa, mtoto analia, mimi nalia, mume wangu anajifanya hasikii. Tulikula saa 4 usiku. Bata mzinga mzima ni kazi isiyoachika iliyovaa nguo za kazi inayoachika, maana unadhani yuko oveni anajipika, kumbe ndiye anayekuendesha siku nzima.

Sasa nanunua mapaja tu, ya bata mzinga au ya kuku, nayaroweka usiku na kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na tui, asubuhi yanaingia oveni. Nunua kipimajoto cha nyama, ni cha bei ndogo. Pale katikati, pasipogusa mfupa, isome nyuzi 165, ambazo ni 74 za kwetu. Mabaki kesho yake ni pilau. Mifupa inachemshwa supu. Mkongomani ataleta sombe, Mrundi ataleta maharage, meza imejaa na hakuna aliyelia.

Kuna mama hapo nyuma anauliza baba yuko wapi katika habari yote hii. Baba ana mikono miwili! Baba ndiye wa mafuta ya moto, baba ndiye wa kupanda ngazi kutundika mapambo. Tena nimeona akipewa kipimajoto anajiona injinia, mwacheni nacho.

Mapambo, basi. Kanuni ni ileile. Majani okota leo, yawe makavu bila umande, yapange katikati ya karatasi ndani ya kitabu kizito. Mimi natumia kamusi, ndiyo kazi yake siku hizi. Baada ya wiki yamenyooka na rangi imebaki. Yabandike kwenye karatasi, au yatungie uzi pamoja na vipande vya kanga iliyochakaa. Uzi utundikwe juu dirishani, kamwe usiwe karibu na kitanda cha mtoto.

Watoto wa shule hapa huchora bata mzinga kwa kiganja. Mchanga hafungui kiganja, anakunja ngumi, utapata doa tu. Tumia mguu. Paka rangi ya maji isiyodhuru watoto kwenye unyayo, gandamiza kwenye karatasi, na fanya hivyo dakika moja kabla ya kumwogesha, beseni likiwa tayari. Unyayo ukiugeuza kisigino juu unafanana na jani. Nimetuma moja Tanga, mama yangu ameibandika juu ya redio.

Unga wa chumvi nao ni rahisi: vikombe viwili vya ngano, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji, usimalizie maji yote kwa pamoja. Kanda, kata maumbo kwa mdomo wa glasi, toboa tundu la uzi, oka nyuzi 250 za hapa kama saa mbili. Hayo ni mapambo, si biskuti. Chumvi kiasi hicho inaweza kumwua mtoto, kwa hiyo unga hauachwi mezani hata kwa kwenda kufungua mlango. Mbegu za mialoni na punje za mahindi ya rangi mnazoziona kwenye mabakuli ya mapambo, vivyo hivyo. Kinachoingia kinywani huweza kukwama kooni.

Na tarehe 31 Oktoba, siku ya Halloween, boga lako usilichonge. Lililochongwa linaoza kwa siku chache. Lililo zima linakaa wiki nyingi, halihitaji rangi wala gundi, usiku wa baridi kali unaliingiza ndani, na Novemba unalila.

Mambo matatu ya mbiombio, wahusika wamenionyesha saa. Mtoto anayenyonya apewe matone ya vitamini D, yuniti 400 kila siku, kwa jua la hapa na ngozi zetu, muulizeni daktari wenu. Koti nene livuliwe kabla ya kumfunga kwenye kiti cha gari, mkanda ubane mwili, kisha koti limfunike juu. Na Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudi nyuma, mtoto hana habari, ataamka alfajiri. Anzeni sasa kumchelewesha kulala robo saa kila siku mbili tatu.

Kwenye meza ile kuna majani, uzi, na vipande vya kanga yangu, msiulize maneno yake, nimeyakata katikati. Boga limekwisha poa. La watoto ni lile la bakuli la kijani, halina sukari wala chumvi, tafadhalini kijiko cha bakuli jekundu kisiingie humo.