Siku Saba za Kinshasa

Ndugu washiriki, uchaguzi wa rais wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wa Desemba 30, 2018, ambao matokeo yake yalibishaniwa, mnaufahamu, sitaurudia. Nataka tutazame tarehe tu, maana hapo ndipo serikali zetu zinapokwama kila mara zinapotakiwa kusema neno juu ya uchaguzi wa nchi nyingine.

Tume ya uchaguzi, CENI, ilimtangaza Félix Tshisekedi usiku wa kuamkia Januari 10, kwa asilimia 38.57 dhidi ya 34.83 za mpinzani wake, Martin Fayulu. Maaskofu Katoliki, waliosambaza waangalizi wapatao 40,000, wakasema takwimu hizo haziendani na walizokusanya vituoni. Januari 12 Fayulu akafungua shauri Mahakama ya Katiba. Sheria inaipa mahakama siku saba. Hesabuni wenyewe! Ofisa yeyote wa ubalozi angeweza kuiandika tarehe ya hukumu kwenye taarifa yake siku hiyohiyo.

Sasa tazameni Umoja wa Afrika. Viongozi wanakutana Addis Ababa Alhamisi, Januari 17. Wanasema wana mashaka makubwa, wanaomba matokeo ya mwisho yasitishwe, wanaamua kupeleka ujumbe mzito Kinshasa. Lini? Jumatatu, tarehe 21. Mahakama ikalitupa shauri la Fayulu usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 20. Siku hiyohiyo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikatoa pongezi, SADC ileile ambayo wiki moja nyuma Rais Lungu wa Zambia, mwenyekiti wa asasi yake ya siasa, ulinzi na usalama, alipendekeza kura zihesabiwe upya. Safari ya ujumbe ikaahirishwa, na tarehe 24 Tshisekedi akaapishwa.

Kuna atakayeniambia kuhoji matokeo ni kuingilia mambo ya ndani ya nchi. Na salamu za pongezi je? Marekani ilimpongeza Rais Kibaki wa Kenya kwa ushindi uliobishaniwa Desemba 30, 2007, kesho yake ikarudi nyuma, Kenya imeshaanza kuwaka. Anayepongeza mapema ameshachagua upande.

Liko ombi ambalo halimwonei mtu: matokeo ya kila kituo yatolewe hadharani. Fomu hujazwa kituoni, hubandikwa ukutani, mawakala wa vyama hupewa nakala. CENI ilitoa jumla bila mchanganuo wa kituo kwa kituo, kisha mahakama ikamwambia Fayulu hakuleta ushahidi. Ombi hilo lilitakiwa liwe mezani kwa CENI Januari 11, kwa maandishi, wakati bado lingeweza kutumika mahakamani. Badala yake zikaja wito za uwazi na utulivu, ambazo hujibiwa kwa tamko jingine na mambo yakaishia hapo.

Muda unanibana. Suala la nani anakwenda kwenye sherehe za kuapishwa nalo ni ujumbe: Kenyatta alikwenda mwenyewe, Ufaransa, iliyotilia shaka matokeo, ilimtuma balozi. Vikwazo nitaviacha.

Ila hili sitaliacha. Desemba 26, siku nne kabla ya kura, CENI iliahirisha uchaguzi katika maeneo ya Beni, Butembo na Yumbi hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama. Wapiga kura zaidi ya milioni moja wangepiga kura rais ameshaapishwa. Siku hiyo hapakuwa na mshindi wa kumwogopa wala wa kumpongeza, na ndiyo siku mabalozi walipaswa kuomba miadi.