Risasi Isiyo na Mlio

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Nimeombwa nizungumzie kazi ya uongozi katika haki ya mazingira. Mwenyekiti amenipa dakika 15, na tano zimeshaliwa na kipaza sauti. Basi nitamzungumzia mtu mmoja tu, Phyllis Omido.

Lugha yetu inaliita risasi lile linaloruka kutoka kwenye mtutu wa bunduki, na inaiita risasi metali ile nzito, laini, ya kijivu, iliyomo ndani ya betri ya gari. Owino Uhuru, kule Mikindani, hapa Mombasa, watu wapatao 3,000 waliishi wamepakana na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Wao risasi iliwapata bila mlio. Iliingia kwa moshi, kwa vumbi, kwa maji machafu yaliyopita pale watoto wanapochezea.

Phyllis Omido hakufika pale kama mwanaharakati. Alifika kama mwajiriwa, mwaka 2009, kazi ya ofisini, na mapema kabisa akakabidhiwa kusimamia ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Wataalamu wakasema kiwanda kiko karibu mno na makazi ya watu, kihamishwe. Aliyehamishwa ni yeye, akapewa majukumu mengine.

Wakati huo alikuwa akinyonyesha. Mwanawe akaugua, homa ikakataa kushuka, zikashukiwa malaria na taifodi, nafuu haikuonekana. Damu ilipopimwa, ikakutwa na risasi. Kiwanda kilikuwa kimemfuata mtoto nyumbani kupitia maziwa ya mamaye.

Hapa tukae kidogo. Aliacha kazi, na angeweza kuhama mtaa, amtibu mwanawe, yaishe. Nani angemlaumu? Badala yake aliwachukua watoto watatu wa pale Owino Uhuru wakapimwe damu. Wote watatu walikuwa na risasi. Mimi maandamano nayapenda, nimekwenda mengi na nimepoteza viatu, lakini ofisa anaweza kukaa dirishani akangoja wimbo wenu uishe. Karatasi ya maabara yenye mhuri ni jambo jingine. Anaweza kuitia kwenye droo, sawa, ila ipo siku atasimamishwa aulizwe aliipokea tarehe ngapi.

Na kwa sumu hii, karatasi ndiyo macho yenu. Risasi haina dalili yake peke yake. Mtoto analalamika tumbo, amechoka, darasani mambo hayapandi; mnasema ni minyoo, ni uvivu. Mwili huidhania kuwa ni kalsiamu, ukaihifadhi mifupani, na humo inaweza kukaa miongo. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya anachofyonza mtu mzima akimeza kiasi kilekile. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Bila kipimo cha damu, mtatibu malaria hadi mchoke.

Maandamano yalikuwepo pia, nisije nikaeleweka vibaya. Mwaka 2012 alikamatwa, akalala rumande, akashtakiwa kwa uchochezi, na baadaye mahakama ikamwachilia huru. Alivamiwa na watu wenye silaha karibu na kwake. Shirika la haki ya mazingira aliloanzisha, CJGEA, likaendelea kuandika barua. Mwaka 2014 kiwanda kikafungwa, na 2015 akapewa Tuzo ya Goldman, ile ya kimataifa ya watetezi wa mazingira. Wasimuliaji wengi huishia kwenye picha ya tuzo, kwa sababu ni picha nzuri. Wakazi wa Owino Uhuru walikuwa bado hawajalipwa hata senti.

Kesi ilifunguliwa 2016, ikasimama juu ya Katiba ya Kenya ya 2010. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 ndiyo ninayowasihi muisome usiku wa leo: anayekwenda mahakamani kudai haki hiyo halazimiki kuonyesha kwamba kuna aliyepata hasara au madhara. Maana yake, hamna haja ya kungoja mtoto azikwe ndipo mpate mlalamikaji.

Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3, ikaamuru na udongo usafishwe, la sivyo zitolewe milioni 700 za kuusafisha. Watu walilia kwa furaha. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu ile. Mwaka huohuo, miezi michache tu baadaye, Phyllis akatangazwa mshindi wa tuzo ya Right Livelihood kule Sweden. Hebu fikirini: ugenini wanakupigia makofi, nyumbani umeambiwa urudi mwanzo. Hakurudi mwanzo, alikwenda Mahakama ya Juu, na Desemba 2024 majaji wakairudisha fidia ya wakazi.

Hukumu si hundi, hilo wakazi wenyewe wanalijua kuliko mimi. Na bilioni 1.3 ukiigawa kwa watu 3,000, kila mmoja anapata laki nne na ushei, kwa sumu iliyoko mfupani.

Aliyekuwa kidato cha kwanza hukumu ya 2020 iliposomwa, alikuwa amekwishafanya mtihani wa kidato cha nne ilipothibitishwa. Aliyezaliwa mwaka ambao Phyllis aliajiriwa alikuwa na miaka 15. Na kwa miaka yote hiyo, kila mlango waliobisha uliwauliza yaleyale: ulipimwa lini, uliishi wapi, iko wapi karatasi?

Kabla ya maswali, naomba mikono. Ni wangapi hapa wanaojua kadi ya kliniki ya mtoto wao iko wapi leo hii?

Nahesabu saba. Haya, mama wa pale dirishani, anza wewe.