Wapeni Wanafunzi Data za Mitetemo

Waheshimiwa wageni kutoka kampuni za mafuta na gesi, wahadhiri wenzangu, na wanafunzi,

Nimelisema jambo hili katika vikao vingi na leo nalirudia: makubaliano ya utafiti yasiyompa mwanafunzi data halisi za mitetemo, yaani kumbukumbu za mawimbi yanayotumwa ardhini na kurudi kama mwangwi kutoka kwenye miamba, hayajawa ushirikiano. Tunashukuru kwa kompyuta na ufadhili wa masomo, lakini mwanajiofizikia asiyewahi kuchakata mwangwi uliotoka kwenye mwamba wa kweli, pamoja na kelele zake zote, hatawafaa ninyi wala sisi.

Mfano wa ushirikiano wa kweli upo. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Profesa Jon Claerbout alianzisha mradi ambao kampuni kadhaa ziliuchangia kwa pamoja, kisha zote zikapokea ripoti zile zile. Mbinu za kutumia mlinganyo wa mawimbi kuurejesha mwangwi mahali ulipoakisiwa zilikuzwa na wanafunzi wake, na leo sekta nzima inazitegemea.

Najua nitajibiwa kuwa data ni siri ya biashara. Jibu langu ni Volve, na naomba mnivumilie nilieleze vizuri. Hilo ni eneo la mafuta katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwei, lililozalisha tangu 2008 hadi 2016 na kutoa takriban mapipa milioni 63. Mwaka 2018, Equinor, kampuni ya mafuta ya Norwei, na wabia wake walitoa hadharani faili zipatazo 40,000: kumbukumbu za visima (vipimo vya miamba vilivyochukuliwa ndani ya visima), takwimu za uzalishaji, modeli za mwamba unaohifadhi mafuta, na data za mitetemo. Humo mna upimaji wa mwaka 2002, kabla mafuta hayajaanza kuchotwa, na mwingine wa 2010, uzalishaji ukiendelea. Maji yanapochukua nafasi ya mafuta ndani ya mwamba, kasi ya mawimbi na nguvu ya mwangwi hubadilika. Hivyo mwanafunzi akilinganisha vipimo hivyo viwili anaweza kutafuta maji yalikopita, kisha akajisahihisha kwa takwimu za visima vyenyewe. Hakuna mtihani wa darasani unaofikia hapo. Na eneo likishafungwa, ni mshindani gani atakayefaidika na siri yake?

Kwetu hoja ya siri ni dhaifu zaidi, kwa kuwa chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 data za utafutaji ni mali ya Serikali ya Tanzania, na vipo vitalu, yaani maeneo ya utafutaji, ambavyo kampuni zilikwisha kuvirudisha.

Muda umenibana, kwa hiyo mafunzo kazini nayaacha. Kuhusu programu nitasema moja tu: Seismic Unix, programu ya kuchakata data za mitetemo ya chuo cha Colorado School of Mines, Marekani, hutolewa bure, basi gharama ya leseni isiwe kisingizio.

Ombi langu ni kitalu kimoja kilichorudishwa, pamoja na kumbukumbu za visima vyake, na ruhusa ya maandishi kwamba wanafunzi watachapisha watakachokiona.