Kabla ya Mbuzi na Farasi, Tumalize Kwanza la Kideri

Mhadhara kwa wafugaji wadogo, ukumbi wa kata, wilayani Kilolo, Iringa. Umeandikwa kama ulivyotolewa.

Kamwene!

Asanteni, kaeni. Wale wa nyuma sogeeni huku mbele, leo hakuna mchango wala harambee.

Katibu wenu amenipa karatasi ya mada: ufugaji wa mbuzi, kuku na farasi kwa mwenye eneo dogo. Nikauliza, farasi kamweka nani? Nikaambiwa ni vijana, walipita Mufindi wakaona wageni wanatembezwa juu ya farasi, wakanusa hela. Sawa. Farasi tutawafikia, na mbuzi tutawafikia. Lakini wanaonifahamu wanajua ninapoanzia. Namwona mama mmoja pale ameshaanza kucheka, kwa sababu alinisikia kijiji cha pili nikisema haya haya. Mama, nivumilie. Mkiacha kuzika kuku na mimi nitanyamaza.

Nani humu ana kuku? Mikono juu. Haya, ukumbi mzima. Shusheni. Sasa, nani kuku wake wamechanjwa kideri ndani ya miezi mitatu iliyopita? Mmoja. Wawili. Mzee wangu, umenyoosha mkono au unajikuna? (Kicheko.) Anajikuna. Basi tuna kazi.

Sitawaeleza kideri kinafananaje, mnakijua vizuri. Kuku amejikunyata, mabawa yamelegea, anaharisha kijani, mwingine shingo inajisokota mpaka anaangalia juu. Asubuhi ukifungua banda unaokota. Wengine mnakiita mdondo, na jina limekaa mahali pake, maana kuku wanadondoka. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mwaka 1926 na 1927, kule Java na kule Newcastle, Uingereza. Karne nzima unajulikana, kinga yake inajulikana, na bado unaingia kwenye mabanda yetu kila kiangazi kama mtu aliyepewa ufunguo. Ufunguo huo tunampa sisi.

Nitawapa kisa. Kijiji sikitaji, kiko hukohuko juu milimani, na wahusika wako hai, wasije wakanisema.

Kulikuwa na mama anafuga kuku wa kienyeji, na anajua kuwafuga. Banda lina vichanja vya kulalia, koo akiatamia anatengewa kiota, vifaranga wanafunikwa tenga mwewe asiwabebe. Kuku wale ndio walikuwa ada, daftari na sare za mtoto wake wa sekondari. Jirani yake ni shemeji yake, mzee wa mbuzi. Mzee huyu alikuwa na beberu wa maziwa, mwenye damu ya wale mbuzi wa kizungu wa Mgeta kule Uluguru. Banda limeinuliwa kwa mabanzi, hori safi, jiwe la chumvi linaning'inia. Beberu akikohoa, bwana mifugo anapigiwa simu usiku. Uwanjani kwake kuku wanapita, nikamuuliza, "Hawa nao umewachanja?" Akanijibu bila hata kugeuka: "Hao ni wa mama."

Hao ni wa mama! Ninyi akina baba mnaoinamisha vichwa, nimewaona. Mbuzi ni mifugo, ng'ombe ni mifugo, kuku ni wa mama. Mkutano ukiulizwa una mifugo mingapi, hakuna anayehesabu kuku. Mgeni akifika, kinachochinjwa ni kipi? Mtoto akipata homa usiku, kinachouzwa asubuhi ni kipi? Mbuzi? Thubutu.

Tuendelee. Mwezi wa nne yule mama akaenda duka la dawa za mifugo kununua chanjo. Akaambiwa kichupa hakigawanywi, na kichupa kimoja kinachanja kuku wengi kuliko aliokuwa nao. Akarudi akapita nyumba kwa nyumba: jamani tuchangie, tuchanje wote. Akajibiwa, "Kuku wa kienyeji hana gharama." "Wangu ni wagumu, hawaumwi." Akaacha.

Mwezi wa nane, mahindi yameshavunwa, mchuuzi akapita na baiskeli na tenga lake. Wachuuzi siwalaumu, ndio soko letu. Lakini tenga linatoka kijiji hadi kijiji, na mtu akiona kuku wameanza kusinzia anafanya nini? Anawauza haraka, kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo kwenye tenga wamo wazima na wamo waliokwishaambukizwa. Mchuuzi akanunua koo wawili kwa mzee wa mbuzi. Hela ikazidi, chenji hakuna. Akasema, mzee, chukua huyu jogoo tumalizane. Jogoo mzuri, mwekundu, mkia umekunjika. Akaingizwa bandani na wenzake usiku uleule.

Haikuisha wiki. Wa mzee wakaanza kuanguka. Walioonekana wana nguvu kidogo wakachinjwa wapate kuliwa, manyoya na utumbo vikatupwa migombani, mbwa wakatawanya. Kuku wa yule mama wakaenda kuchakura palepale migombani, maana kuku hana mpaka wa shamba. Wakaisha wote. Akabaki koo mmoja aliyekuwa akiatamia stoo, mlango umefungwa.

Januari ada ikadaiwa. Mama akaenda kwa shemeji yake. Mtoto ni wa ukoo, mzee afanyeje? Akauza beberu.

Kwa hiyo mkinikuta nasema kideri kinakula mbuzi, msidhani nimezeeka. Nilimuona akiliwa. Ndiyo maana mtu akiniambia anataka kuanza mradi wa mbuzi, namuuliza kwanza habari za kuku wake.

Najua mnachotaka kusema, nitawajibu kabla hamjanyoosha mikono.

Kwanza mtasema mnatumia pilipili, msubili, majivu na mwarobaini. Mimi sidharau dawa za wazee, lakini hizo kwa kideri hazizuii wala haziponyi. Mtu atabisha kwamba alimpa kuku pilipili akapona. Alikuwa na mafua huyo. Kideri ni kirusi na hakina tiba, wala zile dawa za unga za kuchanganya kwenye maji hazikigusi, hata ungemwaga kopo zima. Hela unayonunulia dawa kuku wakiwa wameshalala chini ungenunulia chanjo wakiwa wanakimbia.

Pili mtasema hamna friji. Hapa nisikilizeni vizuri, maana jibu mlilonalo ni la zamani. Chanjo za zamani zilitaka baridi tangu kiwandani mpaka kwa mfugaji, na kijijini zilifika zimekufa. Ipo nyingine inaitwa I-2. Ilitokana na utafiti wa Australia, wakitafuta kirusi kipole kisichoua kuku na kinachovumilia joto, na walikuwa wanawafikiria hasa wafugaji kama ninyi. Hapa nchini inatengenezwa na maabara zetu za mifugo, TVLA. Kuvumilia joto si kuvumilia kila kitu, lakini. Usiiweke juani, wala usiisahau kwenye dashibodi ya gari. Ifunge kwa kitambaa chenye unyevu, iweke kivulini, na baridi hii ya kwetu itakusaidia. Ukishafungua chanja siku hiyohiyo, usitunze iliyobaki kwa ajili ya mwezi ujao.

Tatu, na hii ndiyo nasikia zaidi: "Nilichanja na wakafa." Ulichanja lini? Mara nyingi mtu anachanja baada ya kusikia jirani kuku wamekufa. Wako nao tayari wameshaingiliwa, ugonjwa unakaa siku kadhaa mwilini kabla ya kuonekana, na chanjo inahitaji kama wiki mbili kujenga kinga. Umechelewa, halafu unamlaumu mtaalamu. Au ulichanja Januari ukarelax mpaka Septemba. Kinga inashuka, ndiyo maana tunasema kila miezi mitatu. Au ulichanja majogoo na koo ukaacha vifaranga. Kifaranga naye anachanjwa, tone lilelile moja. Tena kideri si ugonjwa pekee wa kuku. Kuna ndui, kuna homa ya matumbo, na hizo I-2 haizihusu.

Kuhusu gharama sitaki hata kujibu. Mkishirikiana kichupa, kumchanja kuku mmoja hakufiki bei ya yai lake. Msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, sioni mtu akilia gharama. (Kicheko.)

Sasa namna ya kuchanja, maana hapa ndipo watu wanaharibu. Chanja alfajiri kabla hujafungua banda, au jioni wakishapanda vichanjani, na tochi. Ukiwafungulia kwanza, utashinda unakimbiza kuku na nusu watabaki juu ya mparachichi. Mtoto mmoja ashike: mkono mmoja miguu, mwingine umfunge mabawa, kichwa kilale ubavu. Wewe shika kichupa wima, mdomo chini. Si upande. Ukikilaza, matone yanatoka madogo, kuku wa mwanzo wanapata nusu dozi. Tone moja, jicho moja. Halafu subiri. Usimwachie papo hapo. Mpaka uone amepepesa jicho na tone limezama, ndipo umwachie, tena kwa nje ya banda ili usimkamate mara mbili. Likidondokea manyoyani rudia. Kichupa kisiguse jicho. Ukimaliza nawa mikono, kirusi hiki kinaweza kumwashia hata mtu macho.

Miezi yenyewe ni Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Ya Julai ndiyo usiikose hata ukiuza redio, maana kiangazi ndicho msimu wake. Ya Oktoba inawapeleka hadi Krismasi, watu wanaposafiri na kuku mapajani.

Na kuku mgeni, hata akiletwa na mkwe, anakaa peke yake wiki mbili. Mkwe hatakasirika. Akikasirika mwambie nimesema mimi.

Katibu ananionesha saa. Sawa, mbuzi.

Mbuzi kwa kifupi. Huku kwetu adui yake mkubwa ni maji: umande, tope, mvua ya Februari. Banda liinuke kutoka ardhini, sakafu ya mabanzi yenye nafasi za kupitisha samadi bila kunasa kwato, na upande wa upepo uzibwe, vinginevyo ni nimonia. Usimtoe malishoni kabla umande haujakauka, minyoo michanga inapanda kwenye majani yenye maji. Kwato zikatwe. Dume usimwache apande mabinti zake, badilishaneni na kijiji kingine. Na ule ugonjwa wa sotoka ya mbuzi na kondoo upo nchini, ulithibitishwa kaskazini mwaka 2008 na baadaye ukafika Mtwara, na ulisafiri kwa namna ileile ya jogoo wetu: mnyama kanunuliwa mnadani, kachanganywa na wenzake siku hiyohiyo. Chanjo yake ikitangazwa pelekeni, moja inalinda miaka mitatu. Nilikuwa na la malisho, mabingobingo na miti ya lishe, ila hilo mwiteni mtaalamu wa kata, analijua.

Farasi. Vijana, farasi mwenye kilo 400 anataka kama kilo nane za majani makavu kwa siku, kila siku, hata siku ambayo hakuna mgeni wa kumpanda. Kwato zake zinahitaji fundi kila baada ya wiki sita hadi nane, na fundi huyo hapa Kilolo sijamsikia. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo ukimjaza pumba tumbo likivimba limemvimbia humo humo. Kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoletwa na vijidudu vidogo kuliko mbu, vinauma kuanzia jua linapozama, na farasi hamalizi siku nyingi. Atalala ndani kila usiku. Punda anauvumilia ugonjwa huo vizuri zaidi, anabeba maji na mahindi, na hamumheshimu. Anayetaka farasi aanze na punda mwaka mmoja, halafu tuongee.

Nilikuwa na la kuuza mayai kwa pamoja na la kutunza kumbukumbu, nayaacha, muda umekwisha.

Mabalozi wa nyumba kumi msitoke. Kila mmoja aandike idadi ya kuku kwenye nyumba zake, na vifaranga, ili tujue tununue vichupa vingapi, na mchango upitie kwa mama mweka hazina, usipitie kwa mzee yeyote wa mbuzi. Mtaalamu wa kata atakuja Jumamosi. Saa kumi na mbili asubuhi awe nyumba ya kwanza, kwa hiyo Jumamosi hiyo kuku wasifunguliwe mpaka apite. Na baba wa kila nyumba awepo bandani ameshika tochi. Nimesema baba.