Pasi yenye misumari na foronya zetu

Leo ni vitu vya nyumbani visivyofanya kazi yake, na wanaonifuata mshanizoea, naanza na ileile pasi. Paris, Desemba 1921, msanii Man Ray anafungua maonyesho yake ya kwanza pale mjini, siku hiyohiyo anatoka na Erik Satie, yule mtunzi wa muziki, wanaingia duka la vifaa wananunua pasi, gundi na misumari midogo, jamaa anabandika misumari 14 mstari mmoja palepale panapogusa nguo, halafu anaiita Zawadi. Siku hiyohiyo ikaibiwa! Hebu niambieni, mwizi wa pasi kama ile anaenda kunyoosha nini? Zilizopo makumbusho leo ni nakala za baadaye.

Kuna mtu kule nyuma anasema moyoni huyo mzungu hakuwa na kazi ya kufanya. Haya, wewe mwenye kazi, foronya unaipigia pasi ya nini? Unaenda kuilalia, asubuhi imejikunja yote, na hakuna mkaguzi wa foronya anayepita nyumba kwa nyumba. Na anayepiga hiyo pasi saa nne usiku si baba mwenye nyumba, tusidanganyane. Pasi ya kawaida huioni hata kidogo, mkono unaenda wenyewe, ile ya misumari inakulazimisha usimame uiulize kazi yenyewe ni ya nini. Basi, hiyo ndo kazi yake.

Cha pili haraka haraka, kikamulio cha ndimu cha mbunifu Philippe Starck, kinaitwa Juicy Salif, kampuni ya Alessi walikitoa 1990, aluminiamu, miguu mitatu mirefu. 2000 wakatoa cha kupakwa dhahabu wakaonya usikamulie, asidi itaharibu dhahabu. Kikamulio kisichokamua! Msicheke, vile vikombe vya wageni kabatini kwenu vimetoka lini? Mgeni anakuja anapewa cha kila siku, eti vile vitavunjika.

Naona naonyeshwa saa. Kuna mbunifu Katerina Kamprani wa Athens na kopo lake la kumwagilia maua, mdomo umegeukia ndani ya kopo lenyewe, na uma wenye mpini wa mnyororo, mtatafuta picha wenyewe. Nilitaka sana tufike kwenye kikombe cha msanii Meret Oppenheim cha 1936, kimevishwa manyoya pamoja na kisahani na kijiko, ila nikikionyesha tu swali la kwanza kila mahali ni kinaoshwaje. Maswali karibuni, hilo tu msiniulize.