Kinachopimwa ni Giza

Ndugu zangu, kwamba mwanga wa wanyama wa maabara upimwe na kuandikwa kwa makini kama chakula chao, jambo hili nimelisema kila nilipopewa nafasi ya kuzungumza, na leo nalirudia kwa sababu bado ninasoma ripoti za majaribio ambazo zinataja chakula cha wanyama kwa gramu, lakini kuhusu taa zinaandika tu kwamba ziliwashwa mchana na kuzimwa usiku. Taa gani? Ya rangi gani? Na nani alifungua mlango usiku wa manane?

Mtazameni hamsta wa Siberia, mnyama mdogo mfano wa panya. Mchana unapopungua chini ya saa 13 hivi, katika muda wa wiki kadhaa manyoya yake ya kijivu hupukutika na meupe huota, uzito wake hupungua kwa takriban theluthi, korodani husinyaa, na baadaye zipo siku ambazo mwili wake hupoa kwa saa kadhaa ili kuokoa nguvu. Yupo atakayesema kwamba hayo yote yanaletwa na baridi. Sivyo hata kidogo. Mweke katika chumba cha nyuzi 22, mpe chakula tele, kisha mpe saa 8 tu za mwanga kwa siku, na wengi wao watavaa manyoya ya majira ya baridi humo humo chumbani.

Anachopima ni giza. Tezi ya pineali, iliyomo ndani ya ubongo, hutoa homoni ya melatonini usiku, na usiku ukiwa mrefu, utoaji nao hurefuka. Mwaka 1983 watafiti Carter na Goldman waliwachukua hamsta walioondolewa tezi hiyo, wakawaingizia melatonini taratibu kila siku kwa muda uliopimwa. Walioipata kwa saa chache waliendelea kana kwamba ni kiangazi. Walioipata kwa saa 10 au zaidi, korodani zao zilikuwa ndogo kama za majira ya baridi. Naomba mlifikirie jaribio hilo kwa utulivu, kwa maana taa za chumbani hazikuwa tena na kauli: muda wa homoni peke yake uliuambia mwili ni msimu gani. Tena kuna jambo linalonikosesha usingizi kila ninapoingia katika nyumba ya kufugia wanyama wa maabara, nalo ni kwamba Hoffmann, Illnerová na Vaněček walionyesha mwaka 1981 kuwa dakika moja ya mwanga katikati ya usiku hutosha kuvuruga utaratibu huo kwa hamsta huyu. Dakika moja! Ni muda wa mtu kuingia, kujaza maji na kutoka. Baada ya hapo tunashangaa kwa nini wanyama wetu wamekataa kuingia katika majira ya baridi.

Sasa rangi. Ndani ya retina, utando wa nyuma ya jicho, zimo seli zenye melanopsini, protini inayohisi mwanga, ambazo Berson na wenzake walizieleza kwa panya mwaka 2002, na wepesi wao mkubwa wa kuhisi mwanga uko kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 480, yaani buluu. Taa nyingi nyeupe za LED zina kilele chao karibu na nanomita 450, kwa hiyo huzigusa seli hizo kwa nguvu. Taa nyekundu ina athari ndogo zaidi, lakini msiichukulie kuwa giza, kwa kuwa seli hizo hizo hupokea pia taarifa kutoka kwa seli nyingine za jicho, na taa nyekundu kali bado ni mwanga. Andikeni urefu wa wimbi na ukali wa mwanga, upimwe pale alipo mnyama, si pale ilipo taa.

Wapo wanaouliza kama haya yanatuhusu sisi tulio karibu na ikweta, ambako mchana wa Nairobi hubadilika kwa dakika 10 hivi tu mwaka mzima. Huku kwetu dalili ya msimu yaweza kuwa nyingine: panya wa mashambani wa Morogoro, *Mastomys natalensis*, huzaliana kwa kufuata mvua, na hilo lingehitaji mhadhara wake.

Muda umenibana, basi nitaje moja tu: mama hamsta humpa mwanawe habari za msimu angali tumboni, kupitia melatonini yake. Watoto wawili wanaokulia katika mchana ule ule wa saa 14 hukomaa kwa kasi tofauti, mmoja upesi na mwingine polepole, kutegemea kama mama zao walipokuwa na mimba walikuwa katika siku fupi au ndefu.