Mkono Huu ni wa Nani?

Walimu wenzangu, makocha, na nyinyi wanafunzi mliobaki baada ya vipindi, habari za mchana.

Nimekuja na mipira miwili ya besiboli. Naomba ianzie huku mbele, ipite mkono kwa mkono mpaka nyuma. Huu wa kwanza ni wa ligi ya Japani. Ushike vizuri, usikie ngozi inavyonata kidogo kwenye vidole. Huu wa pili ni wa ligi kuu ya Marekani. Umemzidi mwenzake kidogo kwa ukubwa na ngozi yake inateleza, ndiyo maana kabla ya mechi hupakwa tope maalumu linalochotwa New Jersey. Mrushaji wa Kijapani akivuka bahari, anaachana na ule vidole vyake vilioujua, anapewa huu. Halafu, badala ya kurusha mara moja kwa wiki kama kwao, anazoeshwa zamu za karibu zaidi, katika msimu wa mechi 162.

Habari za vijana hawa zikitufikia, huwa tunasikia dola tu. Leo nataka tuulize jambo lingine: mkono wa kijana ni wa nani? Wa shule, wa klabu, au wake mwenyewe?

Nianze na Roki Sasaki. Alizaliwa Novemba 2001 huko Rikuzentakata, mkoa wa Iwate. Tsunami ya Machi 2011 ilimchukua baba yake, babu yake na bibi yake. Yeye alikuwa na miaka 9. Familia iliyobaki ikahamia Ofunato, mji jirani. Alipofika umri wa sekondari ya juu, shule zenye majina makubwa zilimtaka, lakini akachagua kubaki na wenzake katika shule ya serikali palepale mjini.

Wengi wenu mmeuona uwanja wa besiboli pale shule ya Azania, Upanga, Dar es Salaam, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kupewa jina la Koshien. Koshien yenyewe ni uwanja ulioko Japani, ndiko zinakokutana shule bingwa za mikoa yote ya Japani kila kiangazi. Shule ya Ofunato ilikuwa haijafika huko tangu mwaka 1984. Julai 2019, katika mashindano ya mkoa, Sasaki alirusha mipira 194 katika mechi moja iliyokwenda duru 12, wakati mechi ya kawaida ina duru 9. Siku tatu baadaye, nusu fainali, akarusha 129. Fainali ilikuwa kesho yake.

Kocha Yohei Kokubo akamweka benchi. Hakurusha hata mpira mmoja, hakushika hata gongo. Ofunato ikafungwa 12 kwa 2. Simu za hasira zikamiminika shuleni. Kocha akasema aliogopa kijana asije akaumia.

Mimi namuunga mkono Kokubo, na sisiti kulisema hilo mbele ya makocha. Ndani ya kiwiko kuna kano nyembamba inayobeba sehemu kubwa ya nguvu ya kurusha. Ikikatika, daktari anatoa kano nyingine mwilini, mara nyingi kwenye mkono, anaipandikiza hapo. Kurudi uwanjani ni mwaka mzima au zaidi. Daisuke Matsuzaka, akiwa mwanafunzi mwaka 1998, alirusha mipira 250 katika mechi moja ya duru 17 huko Koshien, na Japani nzima ikamfanya shujaa. Mwaka 2006 klabu ya Marekani, Boston Red Sox, ililipa zaidi ya dola milioni 51 ili tu ipate haki ya kuzungumza naye. Mwaka 2011 alifanyiwa upasuaji huohuo. Siwezi kuwaambia ni mpira upi kati ya yote aliyorusha maishani uliokata kano ile. Najua tu kwamba tangu 2020 mwanafunzi haruhusiwi kuzidisha mipira 500 kwa wiki katika mashindano hayo, na hata hiyo naiona mingi mno.

Klabu ya Chiba Lotte, ya ligi ya Japani, ilipomchukua Sasaki, mwaka wa kwanza haikumchezesha hata mechi moja. Ilimjenga mwili. Aprili 10, 2022, akiwa na miaka 20, alikabili wapigaji 27, yaani mechi nzima, na hakuna aliyefika hata kituo cha kwanza. Kumi na tisa aliwatoa kwa straiki tatu, yaani mipira halali waliyoshindwa kuipiga, 13 kati yao mfululizo. Wiki iliyofuata akafanya hivyohivyo kwa duru 8, na meneja akamtoa, ingawa historia ilikuwa imebaki duru moja. Mkono ukalindwa tena.

Basi mnaelewa kwa nini mashabiki wa Lotte waliumia alipoomba kuondoka. Kanuni inasema mchezaji wa Japani aliye chini ya miaka 25 akienda Marekani hawezi kupewa mkataba mnono. Yoshinobu Yamamoto, mrushaji mwingine wa Kijapani, alisubiri hadi miaka 25, akapata dola milioni 325 kwa miaka 12 kutoka klabu ya Los Angeles Dodgers, na klabu yake ya zamani, Orix, ikavuna takriban milioni 50. Sasaki aliondoka na miaka 23. Dodgers haohao walimpa milioni 6.5, na Lotte ikapata robo ya hizo. Klabu ililea, ikaambulia kidogo. Uchungu wao ni wa haki. Lakini kijana aliyempoteza baba yake alasiri moja, mimi siwezi kumwambia asubiri miaka miwili. Mei 2025 bega likamsumbua, akakaa nje hadi Septemba. Oktoba alikuwa akirusha duru za mwisho kumalizia mechi za Dodgers walipokuwa wakielekea ubingwa wa ligi kuu ya Marekani.

Ubingwa huo ndio unaonipa shida na hoja yangu. Ijumaa, Oktoba 31, mjini Toronto, Yamamoto alirusha mipira 96. Jumamosi, mechi ya mwisho, akaingia tena duru ya 9, akarusha 34 zaidi hadi ushindi ulipopatikana duru ya 11. Nililala saa ngapi siku ile msiniulize. Nilitazama nikiwa nimeshika kiwiko changu mwenyewe. Lakini Yamamoto alikuwa na miaka 27 siku ile, ana wataalamu wake, na akisema hapana, kuna watu wa kumsikiliza. Mtoto wa miaka 17, mji mzima ukimsubiri fainali ya kesho, atamwambia nani hapana? Kule Ofunato, kocha aliisema kwa niaba yake.

Naona mpira wa Marekani umekwama safu ya nne. Upitisheni. Maswali tuanze na walimu wa Azania, kama wapo.